Mama Anasema Namlaza Mjukuu Wake Kwenye Friji

Somo, shikamoo.

Naandika usiku, mtoto kalala, mama kalala, mume wangu ni dereva wa basi na yuko zamu. Mimi kwetu Pangani. Huu ni mwaka wa sita naishi Oulu, kaskazini mwa Ufini. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, ila sasa niko likizo ya uzazi. Mwanangu ana miezi tisa na mwezi wa pili narudi kazini. Mama nilimleta tarehe 20 Oktoba kwa viza ya siku 90, tiketi yake ya kurudi ni 17 Januari. Nilihangaika mwaka mzima kumpata: barua ya mwaliko, bima, karatasi za benki, na yeye kapanda basi kwenda Dar mara mbili na magoti yake yale. Nilijua nitapata mtu wa kunipokea mtoto.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa sikukuu. Kisha tukagombana kuhusu usingizi.

Hapa watoto hulazwa nje mchana. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyeniambia, nikajaribu, na mwanangu akiwa nje analala saa mbili na nusu bila kushtuka. Ndani hamalizi dakika arobaini. Siku mama aliponiona namfunga mtoto kwenye kigari namtoa roshani, nyuzi 6 chini ya sifuri, alipiga yowe mpaka jirani akafungua mlango. "Umemzaa ili umgandishe?" Sasa nikienda kuoga tu, nikitoka nakuta mtoto karudishwa ndani, kaamshwa, analia. Tena mama kakipiga picha kigari kikiwa na theluji juu ya paa lake, kaituma kwenye kundi la familia, kaandika: mjukuu wangu analazwa kwenye friji. Shangazi yangu wa Muheza kanipigia kuniuliza kama mume wangu anajua.

Na hatoki. Anakaa kitini karibu na hita, khanga mbili juu ya sweta, anatazama dirisha ambalo halina cha kutazama. Kofia aliyokuja nayo aidarizi hajaigusa. Alichoma udi, king'ora cha moshi kikalia ghorofa nzima, tangu siku hiyo kichetezo kakifunga kwenye mfuko wa plastiki. Juzi aliniambia, "Nimeswali magharibi saa tisa kasorobo. Huo mchana wenu mmemuuzia nani?"

Sasa anataka nibadilishe tiketi aondoke wiki ijayo. Mume wangu anasema mwache aende, sote tupumue. Mimi sijui. Akiondoka hivi, ataondoka na hiyo picha ya friji, na marehemu baba alikuwa mvuvi, hakuna mtu mwingine wa kwetu atakayekuja huku kuona ninavyoishi. Na kusema kweli, Somo, siku hizi hata mimi nikiamka natamani iwe usiku nilale tena, lakini hilo si la kuandikia. Nisaidie kuhusu mama.

Binti wa Pangani, Oulu

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, hasa pale pa kuuza mchana. Huyo mama nampenda kabla sijamwona. Mara ya pili sikucheka, kwa sababu ya ule mstari ulioufukia mwishoni ukasema si wa kuandikia. Nitaurudia. Kwanza tumalize habari ya mtoto wa kwenye kigari.

Kumlaza mtoto nje si ukatili. Tangu miaka ya 1920 daktari wa watoto Arvo Ylppö alikuwa akiwahimiza Wafini wawatoe watoto wapate hewa safi, enzi ambazo nyumba zilikuwa za msongamano na watoto wakifa wengi. Na hapo hapo mjini kwako, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oulu waliwahi kuwauliza wazazi wa kaskazini kuhusu jambo hili, wakajibiwa kwamba mtoto analala muda mrefu zaidi nje kuliko ndani, na kwamba baridi nzuri kwa usingizi ni kama nyuzi 5 chini ya sifuri. Kwa hiyo saa zako mbili na nusu hazikunishangaza.

Lakini na mama yako hakukosea kuogopa. Kwenu mtoto hutolewa nje akitimiza arobaini, tena kafunikwa gubigubi. Wewe umemwonyesha kigari chenye theluji, halafu ukataka akuamini kwa maneno. Mzazi aliyekulea hafundishwi kwa maneno na binti yake. Aachwe afundishwe na shingo ya mtoto.

Kesho mchana mpe yeye kazi ya kumvisha: nguo ya sufu inayogusa mwili, juu yake ovaroli, kofia inayoziba masikio, halafu mfuko wa kulalia. Baada ya nusu saa mpeleke akamguse. Asiguse pua wala vidole, hivyo huwa na ubaridi hata mtoto akiwa salama salmini. Apenyeze vidole viwili nyuma ya shingo. Pakiwa na joto kavu, mtoto yu sawa. Pakiwa na jasho, mmemzidishia nguo, na hilo nalo ni baya. Pakiwa baridi, arudishwe ndani papo hapo na wewe usibishe. Yeye ndiye hakimu. Mkubaliane mpaka ambao nawe utauheshimu: wengi huko kwa watoto wadogo husimama kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, na upepo ukivuma au mtoto akiwa na homa analala ndani. Na asije akaziba mdomo wa kigari kwa khanga kwa huruma. Hewa lazima ipite.

Siku ya neuvola, hiyo kliniki ya mama na mtoto, nendeni wote wawili. Nyumba hizo zipo Ufini tangu 1922, na wauguzi wake wamezoea mabibi wa kila namna. Mama aulize anachotaka. Wewe tafsiri maswali yake kama alivyoyauliza, usiyapunguze makali, na majibu usiyaongezee sukari. Shangazi wa Muheza atapata habari zake bila wewe kuhangaika. Bibi akishakuwa mtaalamu wa shingo, picha nyingine itatumwa.

Sasa kosa lako. Mwanangu, Novemba! Wenyewe Wafini mwezi huo wanauita marraskuu, na marras ni neno la kale la kufa. Uliotangulia, Oktoba, ni lokakuu, mwezi wa matope. Wenye nchi wameupa jina la mauti, wewe ukamletea mgeni. Mtu wa Pangani, ambaye maisha yake yote jua limechomoza kwenye saa kumi na mbili na kuzama kwenye saa kumi na mbili, umempokea kwenye wakati ambao hata theluji bado haijatulia chini vizuri, maana theluji ikitulia inarudisha mwanga kidogo, barabara inang'aa hata usiku. Novemba haina jua wala theluji ya maana. Ni weusi uliolowa tu.

Na hakuna aliyemweleza. Umefanya kama vile mama yako hajui majira. Mke wa mvuvi! Anajua kaskazi na kusi, anajua masika na vuli, anajua upepo upi unaleta samaki gani na upi unafunga ngalawa ufukweni. Kwenu kaskazi ni upepo wa joto, huko kaskazini ndiko baridi ilikozaliwa, na hapo tu ndipo anapohitaji mkalimani. Kaa naye chini na kalenda umsomee mwaka wa huko kama yeye alivyokusomea wa kwenu.

Mwambie tarehe 21 Desemba jua la Oulu litachomoza kama saa nne na nusu asubuhi, na saa nane mchana limekwenda zake. Hapo ndipo chini kabisa, mpaka shimoni hapo. Kuanzia siku ya pili linaanza kurudi, kwanza kwa kubania, dakika moja, dakika mbili, kisha kufika Machi kila siku inarefuka kwa dakika sita au saba, mpaka unasahau kuwasha taa. Machi na Aprili theluji ingali imejaa lakini jua liko juu yake, na watu wanavaa miwani ya jua katikati ya barafu. Mimi mwaka wangu wa kwanza huko nilidhani mwanga ule ni hitilafu ya macho. Mei mto unafunguka, majani ya mbetula yanatoka madogo kama sikio la panya, na ndivyo wenyewe wanavyoyaita. Juni hakuna usiku wa kueleweka; jua linazama katikati ya usiku na ikifika saa tisa limerudi, na mbu ni wengi kuliko Pangani, ila hawana malaria. Agosti giza linarudi taratibu na misitu inajaa mustikka, vitunda vya buluu ambavyo sheria inamruhusu mtu yeyote kuchuma, mwenyeji kwa mgeni, bila kumuuliza mwenye msitu. Halafu majani yanakuwa mekundu, halafu matope, halafu tena huu mwezi wenu.

Mtu akijua yuko wapi kwenye mwaka, giza linakuwa zamu, si adhabu.

Jambo lililoniuma zaidi katika barua yako ni hili: wewe ni mhudumu wa wazee. Kazini kwako, bibi wa Kifini wa miaka themanini akikaa kitini wiki tano bila kutoka, ungeandika ripoti. Ungemvisha, ungemtoa nje, hata dakika ishirini. Mama yako umemwachia hita. Najua, umechoka. Lakini mtoe, na mtoe kati ya saa tano na saa saba mchana, wakati kuna mwanga wa kuokota.

Baridi yenyewe haina haja ya kumtisha. Cha kuogopa ni barafu, inayovunja nyonga. Mnunulie ile miiba ya mpira ya kuvalisha chini ya viatu, na siku ambazo idara ya hali ya hewa imetoa onyo la utelezi kwa waenda kwa miguu, kaeni ndani mpike vitumbua. Viatu viwe vikubwa kidogo ili soksi moja nene ya sufu ikae bila kubana. Mimi nilipofika, Januari 2001, nilivaa soksi tatu za pamba ndani ya kiatu cha kubana na nikaenda kulia kwenye choo cha stesheni kwa maumivu ya vidole. Pamba ikinyonya jasho inakaa na ubichi wake. Sufu iguse ngozi, khanga zake azivae katikati akitaka, na juu kabisa koti lisilopitisha upepo. Yote hayo utayapata kirpputori, soko lao la vitu vilivyotumika, kwa bei ya chai. Mwambie ni mitumba, atachangamka, hakuna mama wa Kitanga asiyejua kuchambua mitumba.

Na hilo buibui lake jeusi. Gizani, kwenye barabara nyeusi, dereva hamwoni, muulize mumeo. Kile kidude kinachong'aa taa ya gari ikikipiga, ambacho Wafini huning'iniza mfukoni, si urembo. Sheria inamtaka kila anayetembea gizani awe nacho. Mshonee viwili, kimoja kila upande, chini usawa wa goti.

Magharibi ya saa tisa kasorobo nayo ina faida ambayo nashangaa haijamjia. Muulize kama ana deni la Ramadhani. Mwezi wa Desemba, kwa mahali mlipo, toka alfajiri mpaka magharibi ni saa saba hivi tu. Wazee wetu walisema baridi ni msimu wa mavuno kwa mfungaji, na hawakuwahi hata kuota Oulu. Alipe siku zake zote, abaki na akiba ya nafila. Nyie wasomaji mlioko huko miaka mingi, mnakumbuka Ramadhani za Juni mwaka 2015 na 2016 mlivyohangaika kuwauliza masheikh mfuate saa za wapi. Huu ni upande wa pili wa mizani, na mama yako kaja upande mwepesi.

Jengo lenu halikosi sauna ya pamoja yenye zamu kwa kila nyumba. Chukua zamu yenu, mwende wawili tu, wanawake watupu, mlango umefungwa. Usimwambie ni desturi ya wazungu. Mwambie ni kujifukiza, ila badala ya kuinamia sufuria mnakaa ndani yake. Mweleze pia kwamba zamani wanawake wa Kifini walijifungulia humo, maana ndiyo ilikuwa sehemu safi yenye maji ya moto. Ataelewa bila tafsiri. Asikae juu kabisa, na aanze na dakika chache, presha ya mtu mzima ni amana.

Kichetezo kitoe kwenye mfuko. Udi uchomwe roshani, saa ambayo mtoto hayuko huko.

Sasa ule mstari wako.

Umenieleza mama anakaa wapi, anavaa nini, anaswali saa ngapi. Kuhusu wewe umeandika maneno machache ukayafunika haraka kama mtu aliyeacha mlango wa chooni wazi. Hiyo ndiyo barua, mwanangu. Mtu mwenye mtoto wa miezi tisa, anayeamka akitamani usiku urudi, haandikii kuhusu mama yake peke yake. Nami nadhani mama ameshaona. Ameona binti aliyemjua mcheshi kawa kimya, hajui amfanye nini, ndiyo maana anamkimbilia mtoto: huyo angalau anaweza kumbeba na kumwingiza ndani.

Wafini wana jina lake, kaamosmasennus, huzuni inayoletwa na giza, na huwapata waliozaliwa huko huko, sembuse sisi. Kuna na huzuni inayokuja baada ya uzazi, ambayo haisubiri majira. Ipi ni yako mimi siwezi kuijua kwa barua. Muuguzi wa neuvola anaweza. Mpigie wiki hii, usingoje tarehe ya kadi, na umwambie sentensi ile ile uliyoniandikia. Hatakunyang'anya mtoto, kama wengine wanavyotishana kwenye makundi ya simu. Atakuuliza maswali, na ikibidi atakuonyesha daktari. Na ikija siku unawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, piga 112 saa hiyo hiyo.

Mengine ni madogo lakini yafanye. Mtoto wako bila shaka anapata matone ya vitamini D, huko hutolewa tangu wiki ya pili ya maisha, wewe je? Kuanzia Oktoba mpaka Machi jua la huko liko chini mno kuiamsha vitamini hiyo kwenye ngozi yoyote, na yetu hata kiangazi inataka muda zaidi. Uliza kipimo chako na cha mama. Tafuteni taa ya mwanga mkali, zile za luksi 10,000, muiweke mezani asubuhi mkinywa chai, nusu saa, wote wawili, na hapo ndipo kofia yake isogezwe karibu. Taa ya kutibu huzuni ndiyo taa nzuri ya kudarizia.

Kuhusu tiketi: mwombe wiki mbili. Usimwombe kama mgeni anayekuaibisha akiondoka, mwombe kama binti anayeumwa, kwa sababu ndivyo ilivyo. Mwambie, "Mama, sijisikii vizuri, naomba unikalie." Sijaona mama wa Pwani aliyepanda ndege baada ya sentensi hiyo. Lakini wiki mbili zikipita na bado anataka kwenda, mpeleke uwanja wa ndege kwa heshima na mfuko wa soksi za sufu, na mume wako asimsemee chochote.

Na safari nyingine mchague mwezi. Sheria ni siku 90 ndani ya kila siku 180, kwa hiyo akikaa mpaka 17 Januari hawezi kurudi kabla ya katikati ya Aprili hata viza ikiwepo. Mlete Agosti, achume mustikka mpaka vidole viwe vya zambarau. Mwaka unaofuata mlete mwishoni mwa Machi. Wakati huo bahari ya Oulu ingali imeganda, jua linawaka, na wazee wa huko huenda juu yake asubuhi, wanatoboa tundu kwenye barafu, wanakaa juu ya ndoo na kijiti cha uvuvi mkononi, hawasemi na mtu. Uvuvi huo hauna kibali wala ada. Mjane wa mvuvi wa Pangani akiona watu wanavua huku wamekaa juu ya bahari, sidhani kama atauliza tena habari za kubadilisha tiketi. Mtafutie ndoo yenye mfuniko, na mto wa kukalia.